Neno Safi, Sikio la Jirani: Matusi Yasiyokusudiwa kutoka Igalula hadi Jinja

Septemba 1916 majeshi ya Ubelgiji yaliyotoka Kongo yaliingia Tabora na kuwaondoa Wajerumani. Aliyeyaongoza aliitwa Charles Tombeur. Ushindi ule ulimletea ubaroni kwao, akawa Tombeur de Tabora, na hadi leo Brussels ina mtaa uitwao Tabora. Kwa Kifaransa jina lake halina aibu: linatokana na kitenzi cha kuanguka. Kwa Kiswahili, lugha iliyokuwa ikisikika sokoni na kambini Tabora siku hizo, silabi zake za kwanza zinagusa kitenzi ambacho mtu mwenye adabu hakitamki mbele ya wakwe zake, wala mimi sitakiandika hapa. Jenerali hakubadili jina. Alilibeba mpaka kaburini, limeunganishwa na jina la mji wa Wanyamwezi.

Nimeanza na jenerali kwa sababu kisa chake kinaonyesha upande wa swali hili unaorukwa mara nyingi. Maneno safi yanayosikika kama matusi huzungumzwa kama kichekesho: mgeni kasema hivi, watu wakaangua kicheko, basi. Lakini kicheko hicho hubeba amri ndani yake. Humwambia mmoja wa waliokutana alifiche neno lake, na ukichunguza ni nani anayeambiwa, utakuta karibu kila mara ni yule asiye na cheo, asiye na jeshi, au anayesema lugha isiyofundishwa shuleni. Hilo ndilo ninalotaka kulichambua, na mahali pa kulichambulia ninapapata Igalula.

Igalula ni kata ya Wilaya ya Uyui, mashariki ya Tabora mjini, na ni kituo cha Reli ya Kati, jirani na Goweko. Reli ilifika Tabora mwaka 1912, lakini njia ni ya kale kuliko reli. Richard Burton na John Speke walipopita Tura na Kigwa mwaka 1857 wakielekea Kazeh, walikuwa wakifuata njia iliyokwisha kukanyagwa na wapagazi wa Kinyamwezi walioshuka pwani na pembe, na wafanyabiashara Waarabu na Waswahili waliopanda bara na nguo na shanga. Watu wa ukanda huu wameishi na lugha za wageni vizazi na vizazi. Kuna Kinyamwezi cha wenyeji, Kisukuma cha wafugaji waliohamia na mifugo yao, Kigogo na Kinyaturu kutoka mashariki, Kiha kutoka magharibi, lugha za Wamanyema waliotoka Kongo, na Kirundi cha watu waliokimbia mauaji ya mwaka 1972 wakapewa makazi Ulyankulu, ambao wengi wao sasa ni raia wa Tanzania. Juu ya zote kipo Kiswahili. Lugha nyingi hivyo zikikaa pamoja, lazima maneno yagongane.

Migongano mingine ni ya bahati tu, na sababu yake ni rahisi kuieleza. Kiswahili na lugha nyingi za Kibantu zinazokizunguka zina irabu chache, tano au saba, na silabi zake huishia kwa irabu. Maneno mafupi yenye silabi mbili yana idadi yenye kikomo, na mengi kati ya hayo yamekwisha kutumika, mengine kwa viungo vya mwili na haja zake. Lugha yoyote ya dunia yenye silabi za aina hiyo itayagonga mapema. Wajapani wana mji uitwao Kumamoto, na silabi zake mbili za kwanza kwao ni jina la dubu. Watu wa Gabon husalimiana kwa neno la Kifang, mbolo, salamu njema kabisa ambayo Mtanzania akiisikia mara ya kwanza atageuka kutazama kama kuna watoto karibu. Kitenzi cha Kirundi na Kinyarwanda cha kukauka, kama nguo zikaukavyo kambani, hutamkwa karibu sawa na tusi letu kubwa kuliko yote. Mwanamke wa Ulyankulu amekisema mara ngapi akianua nguo, pasipo hata chembe ya aibu, na hana sababu ya kuwa nayo.

Desemba 2021 kampuni ya Kituruki ya Yapi Merkezi ilipewa kandarasi ya kujenga reli ya kisasa kutoka Makutupora hadi Tabora, kilomita 368, katika ukanda uleule wa misafara. Kwa Kituruki rangi ya buluu ni mavi. Fundi akimwomba mwenzake waya wa buluu, kibarua aliyezaliwa Uyui anasikia kinyesi. Hapa hakuna aliyemkosea mwenziwe, na maneno hayo mawili hayana undugu wowote. Nasi vilevile tunayaudhi masikio ya wengine tusijue: kaka, neno letu la heshima kwa ndugu mkubwa, hufanana na neno ambalo mtoto wa Kifaransa hulitumia akitaka kwenda haja. Mkongomani wa Bukavu au Goma anazo lugha zote mbili kichwani, na hazimpi shida, kwa kuwa anajua saa hii anasema lugha ipi.

Migongano ya bahati huisha kwa maelezo ya dakika moja. Mizito ni ile isiyo ya bahati, pale ambapo maneno ni ndugu au jirani wa damu, na mmoja amebaki nyumbani na heshima yake ilhali mwingine ameingia mitaani na kuharibika. Mingi ya aina hii huangukia maneno ya ukoo, na hapo ndipo jambo linaponiuma.

Kwa Kinyamwezi na Kisukuma mama yangu ni mayo au mayu, mama yako ni noko, na mama yake ni nina. Ni mpangilio wa kale wa lugha za Kibantu: neno la mzazi hubadilika lenyewe kulingana na mzazi wa nani. Baba naye yuko hivyo, baba yangu ni baba, baba yako ni so, baba yake ni ise. Kiswahili kilikuwa na mpangilio huo pia. Nyoko lilikuwa mama yako, nina lilikuwa mama, na washairi wa zamani waliyatumia bila kusita. Leo yote mawili yamesalia zaidi ndani ya tusi. Nyoko peke yake, hata bila neno linalolitangulia, linatosha kuanzisha ngumi stendi ya mabasi. Mzee wa Igalula anapomuuliza kijana hali ya mama yake kwa Kinyamwezi, anataja noko, na kijana aliyelelewa mjini anashtuka. Mzee ametoa salamu kamili, iliyomtaja mtu ambaye kijana anampenda kuliko wote. Aliyeharibu neno si mzee. Limeharibiwa mbali na pale, na watu wengine, katika ugomvi ambao yeye hakuwamo.

Kuna neno linaloumiza zaidi. Dada wa baba, kwa Kinyamwezi na Kisukuma, huitwa senge, na wengine hutamka sengi. Neno hili lina ukoo mpana. Mnyarwanda humwita shangazi yake masenge. Waganda humwita ssenga, na kwao ssenga ni cheo, kwa kuwa ndiye anayemkalisha binti na kumfunza ndoa kabla hajaolewa. Kutoka Kampala hadi Kigali hadi Nzega, mamilioni ya watu wanamtaja mwanamke huyu kwa shina hilihili, na hulitaja kwa heshima, kwa sababu ni baba wa pili aliyezaliwa mwanamke: anayesikilizwa mahari inapojadiliwa na anayeitwa ndoa inapoyumba.

Kwa Kiswahili cha mitaani, msenge, na kwa kifupi senge, ni tusi la kumdhalilisha mwanamume kwa kumwita shoga. Ni tusi zito, linalotumika kumvunjia mtu utu wake, na vijana hulirushiana hata kwenye mpira. Mfikirie sasa mtoto wa darasa la kwanza aliyetoka kijijini, ambaye Kiswahili chake bado ni kichanga. Mwalimu anamuuliza nani amemleta shuleni. Mtoto anajibu kwa neno la nyumbani. Darasa linacheka, na kama mwalimu ametoka mkoa mwingine na hajui Kinyamwezi, huenda akamchapa kwa kutukana. Hakuna atakayemweleza mtoto kosa lake, maana hata tafsiri ya tusi haisemwi mbele ya watoto. Anachobaki nacho ni kwamba jina la mwanamke anayemlea ni kitu kichafu.

Baada ya hapo atasema shangazi. Ni neno zuri na sahihi, na sina ugomvi nalo. Ninachokilalamikia ni namna lile la kwanza lilivyoondoka. Lugha ndogo hazinyang'anywi watu kwa sheria peke yake. Hunyang'anywa pia kwa kicheko cha darasani, na kicheko hufika mahali ambapo sheria haifiki, ndani ya nyumba, kati ya mtoto na wazazi wake. Mtoto aliyechekwa hatalirudia neno lile hata akiwa kwenye mkeka wa bibi yake.

Tusisahau mazingira ambamo kicheko hicho kinapata nguvu. Mwaka 1967 Kiswahili kilifanywa lugha ya kufundishia shule za msingi Tanzania, na mwaka huohuo Baraza la Kiswahili la Taifa likaundwa. Sensa ya mwaka huo ndiyo ya mwisho kuwauliza watu kabila zao. Redio na televisheni hutakiwa kutangaza kwa Kiswahili au Kiingereza. Naunga mkono shabaha iliyokuwapo: taifa lenye lugha zaidi ya 120 lilihitaji lugha moja ya kuelewana, na Tanzania imevuna amani kutokana na uamuzi huo. Lakini matokeo yake mengine ni kwamba lugha ya mama ikaitwa kilugha, kama kwamba ni kipande cha lugha, na neno lake likigongana na Kiswahili hakuna anayefikiri kwamba Kiswahili ndicho kinachopaswa kungoja na kuuliza. Mnyamwezi hulazimika kujua maana ya maneno yake mwenyewe katika lugha mbili. Mwenye Kiswahili peke yake halazimiki.

Kiswahili chenyewe kimejijeruhi kwa namna hiyohiyo ndani ya nyumba yake. Shoga, pwani ya Mombasa, Lamu na Unguja, ni rafiki wa kike wa mwanamke. Mwanamke humwita mwenzake shoga, au shoga yangu, kwa mapenzi, na taarabu imejaa mashoga wa aina hiyo, wanaopeana siri na wanaosalitiana. Bara, neno likachukuliwa kumtajia mwanamume, likawa la kebehi, na sasa binti wa Dodoma au Tabora hawezi kulisema kwa rafiki yake asijieleze. Kamusi hubeba maana zote mbili, zikiwa zimekaa mstari mmoja. Wanawake wa Unguja hawajaliacha neno lao, na wamefanya vema. Wana ushairi na nyimbo nyuma yao, na wanaishi mahali ambapo Kiswahili chao hakidharauliwi na mtu. Mwanamke wa Goweko anayemwita wifi au shangazi yake kwa Kinyamwezi hana ulinzi huo.

Afrika Mashariki imewahi kulifikisha swali hili hadi bungeni. Mwaka 2015 jijini Jinja, Uganda, lilianzishwa tamasha la muziki liitwalo Nyege Nyege. Waanzilishi walilitoa jina kwenye usemi wa Kiganda unaotaja hamu ya ghafla ya mwili kutaka kucheza, ile inayomshika mtu ngoma ikilia. Kwa Kiswahili nyege ni hamu ya ngono, na si neno la mezani. Mwaka 2018 Waziri wa Maadili wa wakati huo, Simon Lokodo, ambaye alikuwa padri, alitangaza kulizuia tamasha kabla serikali haijalegeza. Septemba 2022 suala likafika bungeni, Spika Anita Among akasema tamasha lisifanyike, kisha serikali ikaliruhusu kwa masharti.

Ni haki kusema kwamba malalamiko hayakuwa ya jina peke yake. Wapinzani wa tamasha walitaja ulevi, mavazi, ngono na mambo mengine waliyodai yanafanyika kando ya Nile. Hayo yana mjadala wake. Ila jina lilishikwa kama ushahidi, na ushahidi huo ulisomwa kwa lugha ya watu wengine. Uganda ni nchi ambayo Buganda ilikitilia shaka Kiswahili kwa miaka mingi ikikiona lugha ya askari na kambi, na serikali yake imekihimiza tena karibuni tu. Hata hivyo, siku hiyo usemi wa Kiganda uliwekwa kizimbani ukatafsiriwa kwa Kiswahili, na tafsiri ndiyo iliyosikilizwa kuliko maelezo ya wenye usemi. Hapa Kiswahili kilicheza nafasi ya Kiingereza: lugha kubwa iliyoingia chumbani, na maana yake ikahesabiwa kuwa ndiyo maana.

Watu wa njia ya misafara wana kipimo cha zamani cha kulipimia jambo hili, na nashangaa kwa nini hatukitumii. Ni utani. Wanyamwezi na Wasukuma ni watani wa Wazaramo na wa makabila mengine waliyokutana nayo safarini, na watafiti wengi wameihusisha desturi hiyo na misafara, pale mpagazi aliye mbali na kwao alipohitaji watu wa kumpa chakula, maji na maziko bila kuuliza ukoo wake. R. E. Moreau, mtaalamu wa ndege aliyefanya kazi Amani, aliandika kuhusu utani wa Tanganyika katika miaka ya 1940, na miaka ya 1970 Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kilikusanya maelezo yake kwa mapana.

Mtani huruhusiwa kusema ambayo ndugu haruhusiwi. Hufika msibani akamkejeli marehemu, akazuia jeneza mpaka apewe chochote, akawaita wafiwa wavivu na walafi, na wafiwa wakacheka katikati ya machozi. Maneno ni yaleyale ambayo yangetoka kwa mtu mwingine yangeleta visu. Kinachoyafanya yawe tusi au yawe faraja ni uhusiano wa wawili hao. Wazee walioujenga utani waliijua kanuni ambayo mahakama na vyuo vikuu vya leo vinahangaika kuifikia: usihukumu sauti kabla hujajua ni nani anamwambia nani, na kwa lugha gani. Wapagazi waliokuwa wakitembea miezi kadhaa katikati ya watu wa lugha nyingine wasingeweza kuishi vinginevyo. Kama kila sauti ya mgeni ingehesabiwa tusi, msafara usingevuka Ugogo.

Nchi tajiri zimeyapitia haya na kuumia. Januari 1999, huko Washington, David Howard, msaidizi wa Meya Anthony Williams, alitumia katika mazungumzo ya bajeti neno la kale la Kiingereza lenye maana ya ubahili. Neno hilo lina asili ya Skandinavia na halina uhusiano na tusi la kumdhalilisha mtu mweusi, lakini silabi zake za mwanzo zinafanana nalo mno. Alijiuzulu. Julian Bond, aliyekuwa mwenyekiti wa chama kikongwe cha kutetea haki za Wamarekani weusi, alimtetea waziwazi, na meya baadaye akamrudisha kazini katika nafasi nyingine. Agosti 2020, Los Angeles, profesa Greg Patton wa Chuo Kikuu cha Southern California alikuwa akieleza maneno ambayo watu huyatumia kujazia pengo wanapofikiri. Akatoa mfano wa Kichina, neno lenye maana ya kile, ambalo Wachina hulirudia kama sisi tunavyorudia yaani. Wanafunzi weusi walisikia tusi lilelile. Aliondolewa kwenye kozi hiyo, na uchunguzi wa chuo ukaona hakuwa na nia mbaya.

Ni rahisi kuwabeza wanafunzi wale, na waandishi wengi waliwabeza. Mimi sitafanya hivyo. Neno lililowashtua limewahi kutamkwa na watu waliokuwa na kamba mkononi, na mwili hukumbuka kabla akili haijatafsiri. Mshtuko wao ulikuwa wa kweli. Kosa lilikuwa la waliopaswa kukaa kati yao na mwalimu, wakasikiliza upande mmoja, wakahukumu, na maelezo ya maana ya neno yakaja baadaye. Yapo mamilioni ya watu ambao neno lile la Kichina ni lugha yao ya kila siku, na mafundi wa Kichina wanaojenga reli ya Tabora hadi Kigoma, kwa mkataba wa Desemba 2022, hulisema mchana kutwa. Je, nao wanyamaze? Mwenye kuumia ana haki ya kuuliza kwa sauti. Hana haki ya kumnyamazisha mtu asiyemsemesha.

Lipo neno moja ambalo Mswahili anapaswa kulichukulia kwa uangalifu mkubwa zaidi akivuka mipaka. Kafiri, kwa Waislamu wa Tabora na Ujiji, ni istilahi ya dini iliyotoka Kiarabu, yenye maana ya asiyeamini. Makaburu na walowezi wa Kiingereza walilitwaa wakamwitia nalo mtu mweusi wa Afrika Kusini kwa dharau, na vitabu vya kilimo vya kikoloni vikauita hata mtama wetu kwa jina hilo. Mwaka 2018 mahakama ya Randburg ilimhukumu Vicki Momberg kifungo kwa kuwarushia polisi weusi neno hilo mara nyingi. Hapa hakuna kufanana kwa bahati. Ni neno lilelile, na limepita katika mikono iliyolitia damu. Mtanzania akiwa Johannesburg hawezi kusema lake ni la dini na kuendelea na safari. Wenyeji wake waliumizwa kwalo, nyumbani kwao, kwa vizazi. Adabu inamtaka atafute neno jingine, kama vile inavyomtaka mwalimu aliyepangiwa Igalula ajifunze kwamba watoto wa huko wana jina lao la shangazi. Kipimo changu ni kimoja kwa wote wawili: aliyeingia kwa watu ndiye anayejifunza, na mwenye nguvu zaidi ndiye anayetangulia kuuliza.

Na sasa amekuja msikilizaji mpya asiyeuliza kabisa. Mwaka 1996 kampuni ya intaneti ya Marekani, AOL, iliwazuia wakazi wa mji wa Scunthorpe, Uingereza, kufungua akaunti, kwa sababu ndani ya jina la mji wao zimo herufi nne za tusi la Kiingereza. Programu ilitafuta herufi, ikazipata, ikafunga mlango. Karibu miaka 30 baadaye mashine za kuchuja maneno zimekuwa werevu zaidi kwa Kiingereza, lakini lugha zetu bado hazijapata uangalifu huo, na Kiswahili ndicho kinachoweza kuumia sana kutokana na jinsi kinavyojengwa. Tunaunganisha viambishi. Kitenzi kumaliza kinabeba ndani yake herufi nne za tusi letu kubwa, na vivyo hivyo kumaanisha, na vivyo hivyo sukuma inayoandikwa kwenye milango ya benki. Jina la Wasukuma, kabila kubwa kuliko yote Tanzania, linabeba herufi hizohizo, na kuna familia ziitwazo Kumalija. Chujio la namna ya Scunthorpe likitumika kwetu, Msukuma hataweza kuandika kabila lake wala Mtanzania yeyote kusema anataka kumaliza kazi. Senge ikiingizwa kwenye orodha ya matusi ya Kiswahili pasipo mtu kukumbuka Kinyamwezi, Kisukuma na Kinyarwanda, salamu za rambirambi za shangazi aliyefariki zinaweza kufutwa kabla hazijamfikia mfiwa.

Wanaotengeneza orodha hizo wanapaswa kuwa na watu wa lugha hizi mezani, na si kwa hisani. Mashine iliyofunzwa kwa Kiswahili cha mtandaoni imefunzwa zaidi kwa Kiswahili cha vijana wa mijini, ambako matusi ni mengi na shangazi wa Kinyamwezi hayumo. Itarithi sikio la mjini na kuliita sikio la lugha nzima.

Sheria yetu, kwa upande huu, ina busara kuliko mashine. Kifungu cha 89 cha Kanuni ya Adhabu ya Tanzania kinaadhibu lugha ya matusi inayoelekezwa kwa mtu kwa namna inayoweza kuvunja amani. Kinataka awepo aliyetukanwa, na kinatazama namna ya kutukana. Sauti iliyofanana na tusi haitoshi. Kama kipimo hicho kinamfaa mtu mzima mbele ya hakimu, basi kimfae pia mtoto wa miaka saba mbele ya mwalimu.

Ombi langu ni dogo na halihitaji bajeti. Vyuo vya ualimu vimpe mwalimu anayepangiwa wilaya asiyoijua ukurasa mmoja wa maneno ya ukoo ya lugha ya huko, mama, baba, mjomba, shangazi, bibi na babu, yaliyoandikwa na wazee wa palepale. Uyui ingeweza kuanza mwaka huu, Igalula, Goweko na Tura zikiwa za kwanza. Wasajili wa vizazi waandike majina kama wazazi wanavyoyatamka, wasimshauri mtu abadili jina la babu yake kwa sababu linachekesha Dar es Salaam. Nanyi wazazi mliohamia mjini, mwambieni mtoto jina la Kinyamwezi la dada wa baba yake, na mmweleze mapema kwamba mitaani kuna tusi linalofanana nalo, ili siku atakapochekwa awe na jibu.